Kipimo cha Ukutani Hakijui Giza

Nyamarambe iko kusini mwa Kaunti ya Kisii, katika eneobunge la Mugirango Kusini, karibu sana na ikweta. Jioni ya huku ni fupi. Mwaka mzima jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, na dakika ishirini baadaye usiku umeshatanda vilimani. Wakati huohuo ndipo barabara zinapojaa watu. Wachuuzi wanafunga vibanda, walimu wanarudi nyumbani, bodaboda zinapakia abiria wa mwisho. Barabara inapanda na kushuka, kona nyingi hazina taa, na anayetembea kwa miguu pembeni amevaa koti jeusi. Pikipiki inayokuja mbele imewasha taa kali bila kupunguza.

Sasa mweke kwenye barabara hiyo mwalimu kijana wa sekondari, mwenye umri wa miaka 28. Si mtu ninayemjua kwa jina. Ninamtengeneza hapa kwa sababu wenye kisa kama chake ni wengi. Amevaa miwani tangu akiwa shule ya msingi, na bila miwani hawezi kusoma hata namba ya matatu iliyosimama mbele yake. Akaweka akiba, akaenda Nairobi, akafanyiwa upasuaji wa macho kwa leza. Kesho yake asubuhi alisoma herufi za ukutani hadi mstari wa chini kabisa. Daktari akafurahi, naye akalia kwa furaha.

Wiki ya pili akapanda pikipiki yake jioni. Kila taa iliyokuja mbele ilikuwa imezungukwa na duara la mwanga, mfano wa mwezi uliovaa ukungu. Taa nyingine zilitoa miale mirefu kama nyota. Katikati ya mwanga huo alimpoteza mtu aliyekuwa akivuka, akamwona dakika za mwisho. Siku ya marudio akamweleza daktari. Akapimwa tena, akasoma tena mstari wa chini. Akaambiwa macho yake ni mazima.

Wote wawili walisema kweli. Ubao wa herufi una herufi nyeusi kwenye karatasi nyeupe, katika chumba chenye mwanga wa kutosha. Unapima jicho la mchana. Mwalimu alikuwa analalamikia jicho la usiku, na jicho la usiku halikuwa limepimwa, si kabla ya upasuaji wala baada yake. Hilo ndilo jambo ninalotaka msomaji aondoke nalo katika sura hii: kabla ya kukubali leza, uliza habari za usiku, na upimwe kwa ajili ya usiku.

Mchongaji na jiwe lake

Watu wa Mugirango Kusini hawahitaji maelezo marefu kuhusu kazi ya leza hii, kwa sababu wana Tabaka. Huko ndiko linakochimbwa jiwe laini ambalo dunia nzima inaliita jiwe la Kisii. Mchongaji hutoa umbo kwa kuondoa jiwe kidogo kidogo, kisha kinyago kinapigwa msasa kwa maji hadi king'ae. Kila mchongaji wa Tabaka anajua sheria moja: jiwe ulilokwisha kulitoa hulirudishi.

Leza ya kuondoa miwani inachonga konea, kile kioo angavu cha mbele ya jicho. Konea ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kukunja mwanga ili uangukie retina, yaani utando wa nyuma wa jicho unaopokea picha. Kwa mtu asiyeona mbali, mwanga hukutana kabla ya kuifikia retina, na picha inakuwa na ukungu. Ukiipunguza konea katikati ikawa bapa zaidi, mwanga husogea nyuma, na picha inatulia mahali pake.

Wazo hili lilitangulia leza. José Ignacio Barraquer, daktari wa macho aliyefanya kazi Bogotá nchini Colombia, alianza kulishughulikia mwishoni mwa miaka ya 1940. Alikata kipande chembamba cha konea, akakigandisha, akakichonga kwa mashine, akakirudisha jichoni. Mwaka 1981, katika maabara ya kampuni ya IBM huko Marekani, Rangaswamy Srinivasan, James Wynne na Samuel Blum waligundua kwamba leza ya eksaima, yenye mwanga wa urujuanimno wa nanomita 193, inaweza kuondoa nyama hai bila kuunguza iliyo jirani. Stephen Trokel, daktari wa macho wa New York, akaona kazi yake kwenye konea. Mwaka 1988 Marguerite McDonald akaitumia kwenye jicho la binadamu linaloona. Miaka hiyohiyo Ioannis Pallikaris wa kisiwa cha Krete akaunganisha leza na mbinu ya kufunua kifuniko chembamba cha konea, kuchonga chini yake, kisha kukirudisha. Ndiyo njia inayoitwa LASIK, na ndiyo inayotangazwa leo katika hospitali binafsi za Nairobi.

Usahihi wake unashangaza. Pigo moja la leza huondoa takriban robo ya maikroni, na maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Hakuna mkono wa mchongaji unaofikia hapo. Lakini eneo linalochongwa lina mpaka, na usiku jicho linaweza kufika kwenye mpaka huo.

Dirisha linalopanuka gizani

Katikati ya jicho kuna tundu jeusi, mboni. Mchana wenye jua mboni husinyaa hadi milimita 2 au 3. Gizani hupanuka ili ikusanye mwanga mwingi iwezekanavyo. Kwa kijana inaweza kufika milimita 7, wengine hata 8. Kutoka milimita 3 hadi 7, eneo la dirisha hilo linaongezeka zaidi ya mara tano. Hiyo ni mojawapo ya njia zinazoliwezesha jicho lako kuvuka kutoka jua la adhuhuri hadi mwanga wa nyota.

Leza haichongi konea yote. Katika miaka ya mwanzo eneo lililochongwa lilikuwa na upana wa milimita 4 au 5 tu. Sasa kwa kawaida ni 6 au 6.5, pamoja na ukanda wa kulainisha pembezoni. Mchana mwanga wote unaoingia ndani ya jicho hupita katikati ya eneo hilo, na picha inakuwa safi. Usiku mboni ikipanuka, mwanga mwingine hupita karibu na ukingo, mahali ambapo umbo la konea linabadilika. Mwanga wa katikati unakunjwa hivi, wa ukingoni unakunjwa vile, na haukutani mahali pamoja. Taa ya pikipiki ambayo ingekuwa nukta moja inageuka kuwa nukta yenye duara, au nyota yenye miale.

Kuna hasara nyingine ambayo mgonjwa huona tabu kuieleza: kupungua kwa uwezo wa kutenganisha kitu na kilicho nyuma yake. Herufi nyeusi kwenye karatasi nyeupe utaiona vizuri. Ng'ombe wa rangi ya udongo aliyesimama kwenye barabara ya udongo saa moja na nusu usiku ni habari nyingine. Barabara zetu zimejaa vitu vya namna hiyo.

Ukubwa wa mboni peke yake hautabiri nani atapata shida. Tangu leza ziboreshwe, watafiti wameona kuwa mambo mengine yana uzito pia: ukubwa wa namba ya miwani aliyokuwa nayo mtu, namba ndogo iliyobaki baada ya upasuaji, eneo lililochongwa kutokaa sawasawa katikati, na ukavu wa macho. Ukavu una sababu yake. Kifuniko cha konea kinapokatwa, mishipa midogo ya fahamu hukatwa pia, na jicho husahau kwa muda kuomba machozi. Uso wa konea ukikosa machozi ya kutosha hauwi laini, nao hutawanya mwanga kama kioo cha gari chenye vumbi.

Hesabu ya maikroni

Msomaji mwerevu atauliza: kwa nini wasichonge eneo pana zaidi, tumalize shida? Jibu lake ni hesabu ambayo kila anayefikiria upasuaji huu anapaswa kuijua.

Kina cha kuchonga hukadiriwa kwa kuchukua upana wa eneo kwa milimita, kuuzidisha kwa wenyewe, kuuzidisha kwa namba ya miwani, kisha kugawanya kwa 3. Mtu mwenye miwani ya namba 2 akichongwa kwa upana wa milimita 6 anapoteza maikroni 24. Mwenye namba 8, kwa upana huohuo, anapoteza 96. Ukimpanulia huyu wa pili eneo hadi milimita 7, anapoteza karibu 131.

Konea nzima ya mtu wa kawaida ina unene wa maikroni 540 hivi. Toa kifuniko cha LASIK, kama 110. Toa 131. Unabaki na kama 299. Madaktari wanahimiza ibaki angalau 250 chini ya kifuniko, na wengi hawapendi kushuka chini ya 300, kwa sababu konea nyembamba mno inaweza kulegea na kutokeza mbele miaka ya baadaye. Kwa hiyo daktari anapima pande mbili: akichonga pana, jicho linapata usiku mzuri lakini ukuta unapungua, akichonga finyu, ukuta unabaki mnene lakini taa zinaota miale. Mwenye namba ndogo ana nafasi ya kutosha pande zote. Mwenye namba kubwa na konea nyembamba hana, na jibu la kweli kwake ni miwani, au lenzi inayopandikizwa ndani ya jicho bila kuchonga konea.

Kuna kundi moja la vijana wetu linalostahili onyo kali. Mzio wa macho ni wa kawaida sana kwa watoto wa Afrika Mashariki, na mtoto anayewashwa husugua macho kwa miaka. Kusugua huko kunahusishwa na ugonjwa wa konea kuwa nyembamba na kuchongoka kama koni. Jicho la namna hiyo halipaswi kuchongwa kabisa. Ukiwa ulisugua macho utotoni, mwambie daktari kabla hajakuuliza, na usikubali upasuaji kabla konea haijapigwa ramani kwa mashine.

Wanaopata shida ni wangapi?

Mwaka 2017 yalitolewa matokeo ya utafiti wa PROWL, ulioandaliwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani pamoja na Taasisi ya Taifa ya Macho na Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo. Watafiti waliwauliza wagonjwa wenyewe, kabla na baada ya LASIK, kuhusu maduara, miale, mng'ao na picha mbilimbili. Kati ya wale ambao hawakuwa na dalili yoyote kabla ya upasuaji, zaidi ya asilimia 40 walikuwa na angalau moja miezi mitatu baadaye. Duara la mwanga kuzunguka taa liliongoza.

Takwimu hiyo ina upande wa pili, na haki inataka usemwe. Kwa jumla, wenye dalili baada ya leza walikuwa wachache kuliko kabla yake. Zaidi ya asilimia 95 ya washiriki waliridhika na uoni wao. Waliosema kwamba dalili zinawazuia kabisa au zinawatatiza mno katika shughuli zao hawakufika asilimia 1. Leza ni tiba nzuri kwa watu wengi. Ila asilimia 1 ya dereva wa usiku haina uzito sawa na asilimia 1 ya karani anayelala saa tatu. Anayepeleka matatu Kisii alfajiri, mlinzi wa usiku, muuguzi wa zamu, mwendesha bodaboda: hawa wanaweka rehani riziki yao, na wakati mwingine roho za abiria.

Leza nyingine, giza jingine

Katika kliniki za macho za kwetu, wengi wanaosema "nimepigwa leza" hawakwenda kuondoa miwani. Wana kisukari. Na kwao pia usiku hubadilika, kwa sababu tofauti kabisa.

Kisukari cha miaka mingi huharibu mishipa midogo ya damu ya retina. Retina ikikosa hewa, inaotesha mishipa mipya dhaifu inayopasuka na kumwaga damu ndani ya jicho. Leza ya kisukari hupiga madoa madogo kwenye pembezoni mwa retina, kwa kawaida 1200 hadi 1600, ili kupunguza njaa hiyo ya hewa na kuiokoa sehemu ya katikati inayosoma na kutambua nyuso. Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani miaka ya 1970 ulionyesha kwamba leza hii inapunguza upofu mkali kwa zaidi ya nusu.

Lakini pembezoni ndiko ziliko seli nyingi za usiku. Kila jicho lina mamilioni ya seli za aina hiyo, na sehemu yake inatolewa kafara ili katikati ipone. Ndipo mama mzee anapomwambia muuguzi, "Mwanangu, tangu nipigwe leza, usiku najigonga mlangoni." Jibu analostahili ni hili: "Ni kweli, mama. Tumepunguza macho ya usiku ili tusikupotezee macho ya mchana. Weka taa ndogo njiani, na usiache kuja." Akielezwa mapema atavumilia. Asipoelezwa ataamini kwamba leza imempofusha, ataacha vipindi vilivyobaki, na ataonya kijiji kizima. Hapo ndipo upofu wa kweli unapoingia.

Kabla ya kuilaumu leza yoyote, sababu nyingine za giza zichunguzwe. Mtoto wa jicho hutawanya taa za usiku miaka mingi kabla ya kuziba mchana. Kuna maradhi ya kurithi yanayoua seli za usiku taratibu, kuanzia ujanani. Upungufu wa vitamini A humfanya mtoto aogope kutembea jioni, na dawa yake ya kila siku inaota shambani: chinsaga, managu, papai, malenge, viazi vitamu vya rangi ya chungwa.

Uliza haya kabla, fanya haya baadaye

Kuuliza si ujinga, na daktari mwema hachukii maswali. Mboni yangu gizani ina milimita ngapi? Utanichonga eneo la upana gani? Konea yangu ina unene gani, na itabaki maikroni ngapi? Macho yangu yana machozi ya kutosha? Uwezo wangu wa kuona katika mwanga hafifu umepimwa? Asipokuwa na majibu, au akiyakimbia, rudi nyumbani na miwani yako. Mwambie pia unafanya kazi gani na saa ngapi. Na kama tayari unaona maduara ukiwa na miwani, mwambie, ili baadaye mjue kipi ni kipya na kipi ni cha zamani.

Kama umeshafanyiwa na usiku umekuwa mgumu, usikate tamaa mapema. Dalili nyingi hupungua katika miezi mitatu hadi sita konea inapopona na machozi yanaporudi. Tumia matone ya machozi uliyoandikiwa. Omba upimwe kama kuna namba ndogo iliyobaki. Wapo wanaohitaji tu miwani myepesi ya kuendeshea usiku. Yapo matone ambayo daktari anaweza kuandika ili mboni isipanuke mno gizani, zipo lenzi ngumu za kuvaa ambazo huupa uso wa jicho umbo laini, na kwa wachache upo upasuaji wa marudio unaoongozwa na ramani ya konea. Miwani ya manjano inayouzwa barabarani kwa ajili ya usiku haisaidii. Inapunguza mwanga ambao tayari ni haba. Safisha kioo cha gari ndani na nje, badilisha kioo cha kofia ya pikipiki kilichokwaruzika, na kwa wiki za mwanzo muachie mwingine usukani jua likishazama.

Dalili zikidumu, usikubali kuambiwa kwamba ni mawazo yako. Hospitali ya Rufaa ya Kisii ina kitengo cha macho. Sabatia kule Vihiga na Kikuyu karibu na Nairobi kuna hospitali zenye uzoefu mrefu wa macho. Beba barua ya upasuaji wako yenye vipimo vyote. Eleza unachokiona jioni, taa kwa taa, na ukiweza chora maduara hayo kwenye karatasi, kwa sababu mchoro wako utampa daktari habari ambayo ubao wa herufi haukumpa.

Nawe unayetibu macho, nina ombi moja. Kabla ya kumwandikia mtu kwamba anaona vizuri, zima taa ya chumba, umuulize tena.